Machweo ya Ziwa Tanganyika ukutani: kwa nini picha inayowaka kwenye simu hutoka nyeusi kwenye kanvasi

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi na mume wangu tumehamia nyumba yetu mpya hapa Gungu, Kigoma, na nilitaka ukuta wa sebuleni uwe na picha ya machweo ya ziwa letu badala ya kalenda. Nilipiga picha kwa simu pale Kibirizi, jua likikaribia kugusa milima ya Kongo, nikaituma kwa WhatsApp kwenye duka la kuchapisha, wakanitengenezea kanvasi ya sentimita 90 kwa 60. Kwenye simu rangi inawaka. Kwenye kanvasi anga limekuwa na rangi ya kutu na lina mistari mistari, maji na mitumbwi vimekuwa vyeusi tupu, na jua lenyewe ni duara jeupe lisilo na uhai. Mwenye duka anasema simu yangu haifai, ninunue kamera. Mume wangu anasema tununue picha ya tayari ya bahari na minazi, yaishe. Je, nijaribu tena? Nichapishe kwenye nini, niiwekee kioo au la, na niitundike wapi? Dirisha letu kubwa linatazama magharibi. Naogopa pia kutoa fedha kwa picha itakayopauka baada ya mwaka."

Marahaba, na hongereni kwa nyumba. Nikiuelewa vyema wasiwasi wako, unataka kwanza kujua kosa lilitokea wapi, kwenye simu, dukani au kwenye picha yenyewe, kisha unataka uhakika kwamba fedha ya mara ya pili haitapotea kama ya kwanza. Nitajibu yote mawili, lakini niseme mapema kwamba sioni sababu ya kununua kamera, na kwamba sehemu kubwa ya unayoyalalamikia ilikwisha kutokea kabla mashine ya kuchapa haijawashwa.

Picha iliyo kwenye simu ina taa nyuma yake. Picha iliyo ukutani haina. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe na kuuleta machoni pako hata chumba kikiwa giza, ilhali kanvasi hurudisha tu sehemu ya mwanga unaoiangukia kutoka dirishani au kwenye balbu. Kwa hiyo kitu cheupe kuliko vyote katika picha yako iliyochapishwa ni weupe wa kanvasi yenyewe, na jua, ambalo kwenye skrini lilikuwa linawaka kwelikweli, haliwezi kupita weupe huo. Picha ya harusi iliyopigwa mchana haiumizwi sana na jambo hili, kwa sababu sehemu zake nyingi zina mwanga wa wastani. Machweo huumia kuliko picha nyingine yoyote: uzuri wake wote umo katika tofauti kubwa kati ya jua na giza la ufukweni, na tofauti hiyo ndiyo ambayo karatasi haina nafasi ya kuibeba.

Rangi nayo ina kisa chake. Skrini hupata rangi ya machungwa kwa kuchanganya mwanga mwekundu na mwanga wa kijani. Mashine ya kuchapa hupata rangi hiyo hiyo kwa kuweka wino wa njano na wino wa majenta, ule wekundu wa waridi uliokolea, juu ya kitu cheupe, na kila tone la wino linaloongezwa ili rangi ikolee humeza sehemu ya mwanga uliopaswa kurudi. Matokeo yake ni kwamba machungwa ya karatasi yanaweza kung'aa au yanaweza kukolea, lakini hayawezi kufanya yote mawili kwa kiwango ulichokiona kwenye simu. Mashine inapokutana na rangi isiyoweza kuifikia huchagua iliyo jirani, na jirani wa machungwa makali sana mara nyingi ni hiyo rangi ya kutu uliyoiona. Nakuomba uyapokee haya kama mpaka wa kazi yenyewe: hakuna duka la Kigoma wala la Dar es Salaam litakalokupa ukutani kile kilichoko kwenye skrini yako. Unachoweza kupata ni picha nzuri ya karatasi, iliyoandaliwa kwa ajili ya karatasi, na hiyo inatosha kabisa kupendezesha sebule.

Sasa tuje kwenye WhatsApp. Simu nyingi za leo hutoa picha ya pikseli, yaani nukta ndogo zinazoijenga picha, 4000 kwa 3000 hivi. Ukiituma kwa njia ya kawaida, programu huipunguza ili isafiri haraka, na upande mrefu hubaki na pikseli 1600 au karibu na hapo. Upande wa sentimita 90 ni inchi 35 na kidogo, hivyo duka lilikuwa na nukta zipatazo 45 tu za kugawa kwa kila inchi, ilhali faili ya asili ingelipa nukta 113. Mtu aliyekaa kwenye kochi mita mbili kutoka ukutani pengine asingeitambua tofauti hiyo ya ukali, na ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba picha yoyote lazima iwe na nukta 300 kwa inchi. Kiwango hicho ni cha picha inayoshikwa mkononi. Kilichokuharibia zaidi ni namna programu inavyopunguza. Hutupa tofauti ndogondogo za rangi ambazo jicho halizioni upesi, na anga la machweo limejengwa kwa tofauti hizo hizo, njano ikiingia polepole katika machungwa na machungwa katika zambarau. Zikitupwa, mteremko laini hugeuka ngazi, na ngazi zikikuzwa hadi sentimita 90 ndiyo hiyo mistari. Mara nyingine tuma faili kama hati, si kama picha, au ipeleke dukani kwenye flashi. Usiikuze pia kwa vidole wakati wa kupiga, kwa sababu katika simu nyingi ukuzaji huo ni ukataji tu wa pikseli ulizokuwa nazo.

Kuhusu maji na mitumbwi iliyokuwa myeusi tupu, kama faili ya asili bado iko kwenye simu yako, kuna matumaini. Giza la picha ya simu mara nyingi limeficha mambo yanayoweza kuinuliwa. Fungua sehemu ya kuhariri, inua vivuli kidogo, kisha ongeza mwanga wa picha nzima mpaka ikuoneshe kupauka kidogo kwenye skrini. Fanya hivyo ukiwa ndani ya nyumba, mwangaza wa skrini ukiwa nusu, kwani mtu anayehariri picha huku skrini imewekwa mwangaza wa mwisho hujidanganya kwamba picha ina nuru kuliko ilivyo. Usiongeze ukolevu wa rangi. Najua mkono utakuwasha kufanya hivyo, lakini kila unachoongeza hapo kinakwenda moja kwa moja kwenye kutu.

Duara jeupe la jua, kwa upande mwingine, halina dawa. Mwanga uliizidi nguvu simu, rangi haikurekodiwa, na hakuna uhariri unaoweza kurudisha kisichokuwepo. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba urudi ziwani, na kwa hili nyinyi wa Kigoma mna bahati ambayo mume wako, kwa heshima zote, anataka kuiuza kwa minazi ya dukani.

Pwani ya bara ya Tanzania, kuanzia Tanga hadi Mtwara, inatazama mashariki. Mtu wa Dar es Salaam huona jua likichomoza baharini na likizama nyuma ya nyumba za majirani; anayetaka kuliona likizama juu ya maji ya chumvi huvuka kwenda upande wa magharibi wa Unguja, Mji Mkongwe au Kendwa. Picha nyingi za tayari zenye minazi, ziwe za kwetu au za visiwa vya mbali, humwonesha mnunuzi ufukwe asioujua. Kigoma ufukwe wenyewe unatazama magharibi, na ng'ambo kuna milima ya Kongo inayoipa picha mstari wa kuishikilia. Sisemi picha ya tayari ni mbaya: imeandaliwa kwa uchapaji na mtu anayejua kazi yake, hivyo mara nyingi hutoka safi, na kama mnataka tu rangi ya joto ukutani bila usumbufu, ni chaguo la haki. Ninachokataza ni kuchukua picha ya mtu kwenye intaneti na kuipeleka dukani ichapwe. Hiyo ni mali ya mwenyewe chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kwa kawaida faili yake ni ndogo kuliko hata ile ya WhatsApp.

Ukirudi Kibirizi, au ukienda Katonga au ufukwe wa Ujiji, subira ndiyo itakayokulipa. Kigoma iko mbali magharibi lakini inatumia saa zile zile za Dar es Salaam, hivyo jua huzama hapa karibu na saa moja jioni, yapata dakika 40 baada ya pwani, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta hushuka wima na kwa haraka. Watu wengi hupiga picha jua likiwa bado juu ya milima, wakaridhika, wakaenda zao. Subiri lijifiche. Dakika 20 hivi zinazofuata anga hubaki na rangi, lakini tofauti kati ya mwanga na kivuli imepungua sana, na kilichobaki kinaingia vizuri ndani ya uwezo wa karatasi. Mitumbwi itakuwa na umbo na mbao zake zitaonekana, na maji yatakuwa yamechukua rangi ya anga. Kwa picha ya ukutani ningechagua moja ya dakika hizo badala ya kumi zenye jua ndani yake. Ukilitaka jua kwa vyovyote, ngoja liwe nyuma ya wingu jembamba, gusa skrini kwenye anga lililo pembeni ya jua, kisha vuta alama ya mwanga chini mpaka rangi irudi. Utaona ufukwe unakuwa mweusi. Huo utauinua baadaye.

Simu ina tabia moja zaidi ya kuichunga, nayo ni kujaribu kusahihisha rangi ya mwanga. Inaona umachungwa mwingi, inadhani ni kasoro, inaipoza picha. Kama simu yako inakuruhusu kuchagua aina ya mwanga, weka ya mawingu au ya jua, na si ya kujiamulia yenyewe.

Msimu nao una neno. Rangi za machweo hutokana na mwanga wa jua kupita katika hewa nyingi zaidi linapokuwa chini, na hewa hiyo hutawanya bluu njiani na kuacha wekundu na njano zifike kwetu. Kiangazi, hasa Julai hadi Septemba, vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa huongeza wekundu lakini hufuta milima ya Kongo kabisa, na unapata duara jekundu katika ukungu wa rangi moja. Picha ya namna hiyo ni tulivu na inapendeza ikiwa kubwa, ila haina tabaka. Kati ya Novemba na Aprili, jioni ambayo mvua imekatika mchana, hewa huwa imeoshwa, milima inaonekana kwa tabaka zake, na mawingu hushikwa na mwanga kutoka chini. Mimi naipendelea hiyo. Kumbuka pia kwamba jua halizami mahali pamoja mwaka mzima: Juni huzama kuelekea kaskazini-magharibi na Desemba kuelekea kusini-magharibi, tofauti ya nyuzi 47 hivi kati ya miezi hiyo miwili, kwa hiyo mahali palipokupa picha nzuri mwezi mmoja panaweza kukunyima mwezi mwingine.

Na kama unataka mitumbwi iliyo safarini badala ya iliyolala ufukweni, angalia mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa katika usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, hivyo jioni za giza ndizo utakazowakuta wakitoka. Angalia pia kama ziwa halijafungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa mwaka 2024 kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei. Ukiwapiga kwa karibu kiasi cha sura kutambulika, waombe ruhusa. Isitoshe, katika nyumba ambazo wenyewe hawapendi kutundika sura za watu, vivuli vya mitumbwi, maji na anga havimkwazi mgeni yeyote.

Sasa uchapishe kwenye nini? Kanvasi haikuwa chaguo baya. Haimeti, haihitaji kioo, ni nyepesi, na nyuzi zake husamehe upungufu wa ukali. Hakikisha tu kwamba ni kanvasi ya kweli na si turubai la mabango ya matangazo lililovutwa kwenye mbao, kwani lile humeta, hunuka kwa majuma kadhaa na hujikunja. Mwambie fundi picha iwe na ziada ya sentimita tano kila upande, la sivyo mtumbwi ulioko ukingoni utazungushwa nyuma ya fremu na usionekane tena, na aweke kabari ndogo kwenye pembe za mbao za ndani ili kanvasi ikilegea wakati wa mvua uweze kuikaza mwenyewe. Karatasi ya picha ya studio hutoa rangi zilizo hai zaidi na mpito laini zaidi wa anga, lakini ukubwa wake mara nyingi una mpaka na itahitaji fremu. Fremu ya mninga nitaisifu daima. Mchwa hawaipendi, na rangi yake ya kahawia nyekundu inakaa vizuri na machweo.

Kioo kinahitaji tahadhari. Picha nyeusi nyeusi iliyo nyuma ya kioo na mbele ya dirisha kubwa hugeuka kioo cha kujitazama: mchana kutwa utaona dirisha lako na pazia zake, si ziwa. Kwa nyumba yako, yenye dirisha hilo la magharibi, kanvasi au karatasi isiyometa ni afadhali. Ukiamua kioo hata hivyo, picha isiguse kioo. Fundi aweke ukingo wa karatasi nene kati yao, kwa sababu unyevu wa msimu wa mvua huigandisha picha kwenye kioo na hapo kuibandua ni kuichana.

Hofu yako ya kupauka ni ya haki, na kwa picha ya machweo ni ya haki zaidi. Umeona picha za zamani kwenye madirisha ya studio zilivyobaki na ubluu tu. Sababu ni kwamba, katika picha za namna ile zinazopigwa na jua, majenta na njano ndizo hutangulia kufa na bluu hubaki. Fikiria sasa picha iliyojengwa karibu yote kwa majenta na njano. Ndiyo maana swali la kumuuliza mwenye duka, kabla ya kuuliza bei, ni aina ya wino. Wino wa rangi iliyoyeyushwa, unaotumika katika printa nyingi ndogo za ofisini, unaweza kupauka ndani ya miezi ukipigwa na jua; wino wa chembechembe za rangi, pamoja na wino wa mashine kubwa zinazochapa kazi za kukaa nje, hustahimili zaidi. Hata hivyo hakuna wino unaoshinda jua la kila siku, na mahali pa kutundika huamua mengi kuliko mashine.

Jua la alasiri linaloingia kwa dirisha lenu la magharibi hupiga ukuta unaolikabili, yaani wa mashariki. Huo uuache kwa saa ya ukutani au kabati. Tundika picha kwenye ukuta wa kaskazini au wa kusini, au kwenye huo huo wa magharibi pembeni ya dirisha, mbali na mlango wa jiko kama mnapikia mkaa. Kitovu cha picha kiwe sentimita 145 hivi kutoka sakafuni, au chini kidogo ya hapo kama inatazamwa zaidi na watu waliokaa, na ikiwa juu ya makochi, upana wake ukaribie theluthi mbili za kochi, isionekane imepotea. Ukuta wa rangi ya maziwa au ya bluu iliyopoa hufanya machungwa yaonekane na nguvu. Ukuta wa waridi au wa njano huyanyonya.

Kisha kuna balbu. Nyumba zetu nyingi zimejaa balbu za mwanga mweupe wenye ubluu, zilizoandikwa 6500K kwenye kasha. Mwanga huo una wekundu kidogo wa kuipa picha, na machweo yako usiku yatafanana na majivu. Badilisha balbu ya sebuleni, au iliyo karibu na picha, kwa yenye maandishi ya 2700K au 3000K. Ningekushauri uanze na hilo hata kwa kanvasi uliyonayo sasa, kabla hujaitoa ukutani, maana ni jaribio la gharama ndogo na linaweza kukuonesha kwamba sehemu ya tatizo haikuwa picha.

Kwa hiyo ndiyo, jaribu tena, lakini usichapishe kubwa kwanza. Chagua picha mbili, omba duka lichape vipande viwili vya ukubwa wa karatasi ya A4 vya kila moja, kwa mashine ile ile na kwenye kanvasi ile ile itakayotumika, kimoja kikiwa na mwanga kama ulivyouandaa na kingine kikiongezwa kidogo. Vibandike sebuleni siku nzima, uvitazame asubuhi, saa kumi, na usiku taa ikiwaka, kisha uamue. Duka likikataa kukuchapia kipande cha majaribio hata kwa malipo, tafuta jingine. Na likikubali, nenda mwenyewe na flashi yako ukae na fundi wa mashine, kwa kuwa rangi haziwezi kukubaliwa kwa simu. Anayejua kazi ataweza pia kukuambia ni rangi zipi za picha yako mashine yake haizifikii.

Mwisho ni ukuta wenyewe, na hapa usitegemee ushauri wa kuandikwa. Nyumba ni mpya, na lipu mpya hutoa maji kwa muda mrefu. Ukiona madoa yenye ukungu mweupe wa chumvi au rangi inayotoka magamba, mwite fundi ujenzi aangalie kabla hujatundika chochote, kwani unyevu utaingia kwa nyuma na kuiozesha picha hata kama wino ni bora. Ukuta ukiwa mkavu, bandika vipande vidogo vya mpira kwenye pembe za chini nyuma ya fremu ili hewa ipite. Kanvasi nyepesi itakaa kwa misumari miwili ya zege. Fremu yenye kioo ni jambo jingine: kioo cha milimita tatu cha ukubwa wa sentimita 90 kwa 60 kina kilo nne peke yake, bila mbao, na hicho kinahitaji matundu ya drili na skrubu zilizofungwa ndani ya plagi za plastiki, kazi ya fundi, hasa kama watoto watakuwa wanakaa chini yake.